Pongezi kwa Wapima Akili

Mafia, toka Kirongwe hadi Jibondo, wapo wazee wasiowahi kushika kalamu. Ukiwapima akili kwa karatasi, utawaonea. Hongera watafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, waliotunga kipimo cha IDEA: mzee hutaja wanyama, hukumbuka maneno aliyosomewa, hupanga njiti za kiberiti kwa kuiga umbo.

Hongera pia mwanasaikolojia Nancy Wexler wa Marekani. Mama yake aliuawa na Huntington, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha ubongo. Hupunguza wepesi wa kufikiri na kupanga mambo. Wexler aliwafuatilia wavuvi wa Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambao koo zao zina ugonjwa huo, hadi jeni yake ikatambuliwa mwaka 1993.

Kazi yao yatufunza: kinachoandama ukoo si lazima kiwe jini. Mgonjwa apimwe, atunzwe, asinyanyapaliwe.