Kuona na Kutokewa: Juu ya Picha ya "The Innocents"

Ipo picha moja ya sinema niliyoitazama mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na kila mara imenitia hofu. Nayo ni "The Innocents", aliyoiongoza Jack Clayton huko Uingereza mwaka 1961, kutokana na hadithi ya Henry James, "The Turn of the Screw", iliyotoka mwaka 1898. Damu haimwagiki ndani yake, wala hapana zimwi. Niliiona kwanza nilipokuwa masomoni ng'ambo. Niliporudi nyumbani nikajaribu kumsimulia shangazi yangu, nikakwama katika kitenzi. Na kukwama huko ndiko kulikonifahamisha kwa nini naipenda.

Kisa chenyewe si kirefu. Bi Giddens, ambaye sehemu yake yachezwa na Deborah Kerr, aajiriwa kuwalea mayatima wawili, Miles na Flora, katika nyumba kubwa ya shamba. Ami yao hapendi kusumbuliwa. Baada ya siku chache amwona mwanamume juu ya mnara, kisha mwanamke katikati ya matete ya ziwani. Atambua kuwa hao ni Peter Quint na Bi Jessel, watumishi wa nyumba ile waliokwisha kufa, naye aamini kwamba wafu hao wanataka kuwaingia watoto.

Hapo nilimwambia shangazi, "Akatokewa na mzuka." Mara nikajirudi. Kusema "akatokewa" ni kukata hukumu: mzuka upo, umekuja wenyewe, na mwanamke ni mtendewa tu. Nikasema, "Mzuka ukaonekana." Hapo nikakosea zaidi, kwani kinachoonekana chaweza kuonwa na kila aliyepo, ilhali Bibi Grose, msimamizi wa nyumba, asimama pale pale ziwani asione kitu. Je, "alidhani ameona"? Hapo nimekwisha kumtia wazimu, na picha haikumtia. Nikabaki na "akaona". Na kitenzi hiki chetu kina upana ajabu: mtu huona mti, huona njaa, huona haya, huona wivu, wala hapana aulizaye haya imesimama wapi. Bi Giddens alimwona Quint, basi.

Clayton naye ana sarufi yake. Mara nyingi hutuonyesha kwanza uso wa Bi Giddens ukigutuka, ndipo atuonyeshe kilichomgutusha. Mwenye kuona hutangulia kinachoonwa. Mpiga picha wake, Freddie Francis, alitia rangi kingo za vichujio vya lenzi ili pande mbili za picha ile pana zididimie gizani. Mtazamaji huchungulia giza lile, na baada ya muda huanza kuona asichoonyeshwa.

Ushahidi nao umepimwa kwa mizani ya sonara. Edmund Wilson, katika makala yake ya mwaka 1934, alishikilia kwamba mizuka ya hadithi ya James yatoka katika nafsi ya mwanamke mwenyewe. Picha yampa nguvu: Bi Giddens, akicheza kibe na watoto, apata darini kipicha cha mwanamume, na muda mfupi baadaye uso ule ule umo dirishani. Mtu angesema macho yalikopa sura kwenye kipicha. Lakini siku nyingine amkuta Bi Jessel katika chumba cha masomo, ameketi akilia, amkaribia, hayupo, na juu ya kibao cha kuandikia pamebaki tone la chozi. Aligusa kwa kidole, ni maji. Nimelifikiri chozi hilo miaka mingi. Wilson hakuwa na la kulijibu, maana halimo katika kitabu, nami sina.

Kasoro naiona moja: usiku ule anapotembea ushorobani na mshumaa, minong'ono na vicheko vimezidi. Sauti zile zatusukuma tuogope, na picha hii haihitaji kusukuma mtu. Afadhali usiku mwingine, Flora anapopiga mayowe na kutoa matusi yanayomfadhaisha Bibi Grose, nasi hatusikii hata tusi moja.

Mwisho wake wanichoma. Bi Giddens amshurutisha Miles alitaje jina la yule mwanamume. Aamini kwamba mtoto akilitaja atakuwa huru. Ni usiku, bustanini, katikati ya masanamu. Mtoto alitaja. Quint yupo, kiganja kimenyanyuliwa. Mtoto aanguka, amekufa. Kama mzuka upo, mlezi alikuwa akipigania roho ya mtoto akashindwa. Kama haupo, ndiye aliyemwua.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yule mtoto, mwanangu, alimwona?"

Nikamjibu kwamba alilitaja jina, akageuka huku na huku.

"Sikukuuliza alisema nini," akasema.