Balak na Mwanamke Mwenye Korlong

Kamusi nyepesi hutosheka kueleza kwamba balak, kwa Kisebuano cha Ufilipino, ni shairi. Tafsiri hiyo inafaa kwa matumizi ya leo, lakini inaficha jambo ambalo mpenzi wa tungo za Kiswahili angefurahi kulijua: balak ya kale ilihitaji watunzi wawili.

Padri Francisco Ignacio Alcina, Mjesuiti aliyeandika habari za visiwa vya Bisaya mwaka 1668, aliieleza balak kuwa majibizano ya mapenzi baina ya mwanamume na mwanamke. Mwanamume alishika kudyapi, ala ya nyuzi mbili mfano wa gambusi. Mwanamke alishika korlong, pingili ya mwanzi ambayo nyuzi zake zilichanwa katika ganda la mwanzi huo huo. Nusu ya utungo ilikuwa mali ya mwanamke.

Kisha likaja gazeti. Ang Suga, lililoanzishwa na Vicente Sotto mjini Cebu mwaka 1901, liliwapa ukurasa washairi kama Vicente Ranudo, na ukurasa hauna mahali pa mjibuji. Mpenzi akasifiwa, akalaumiwa, akaliliwa, naye kimya. Ufundi wa Ranudo haubishaniwi. Hata hivyo jina la balak likaenda na karatasi, ilhali kujibizana kukabaki katika balitaw, ngoma ambayo mwanamume na mwanamke hushindana kwa nyimbo.

Kwa Kitagalogi, lugha jirani, balak ni nia au mpango. Magbabalak kwa Msebuano ni mshairi. Mtagalogi asikiapo umbo hilo hilo huelewa "atapanga". Mfanano wa sauti pekee hauthibitishi asili moja, na wapenda ngano za maneno wasikimbilie huko. Ila sisi tunaotunga ushanga, tunaotunga mashairi na tunaotunga uongo kwa kitenzi kile kile, hatuna haki ya kushangaa sana.

Mfasiri wa Kiswahili afanyeje? Kwa tungo za Ranudo na waliomfuata, "shairi" latosha. Kwa balak aliyoisimulia Alcina ningeandika "majibizano", neno ambalo malenga wetu wanalijua tangu zamani, na ambalo humlazimu msomaji kumtafuta mtu wa pili.