Makarani wa Cody

Wengi wakishika Winchester ya mwaka 1873, ile bunduki ya kukokwa kwa wenzo, husoma kwanza maandishi ya juu ya mtutu: Oktoba 16, 1860, na Machi 29, 1866. Papo hapo bunduki inazeeshwa. Kumbe hizo ni tarehe za hataza. Mtindo wenyewe haukuwapo bado. Mjuzi huigeuza, akatafuta nambari ya bunduki kwenye ulimi wa chuma nyuma ya triga. Akikuta kwenye mtutu muhuri wa WP ndani ya umbo la yai, anajua alama hiyo ilianza 1905, ingawa mtutu nao huweza kubadilishwa.

Ubishi juu ya umri wa bunduki ukizidi, hupelekwa Cody, Wyoming. Jumba la makumbusho ya silaha la huko limehifadhi madaftari ya kiwanda cha Winchester, yaliyoandikwa kwa mkono. Peleka nambari, utapata barua: siku bunduki ilipotoka ghalani, mtutu wa mviringo au wa pembe nane, triga ya aina gani. Wauzaji waongo hawaipendi barua hiyo. Mimi nawavulia kofia makarani wa jumba hilo wanaoandika barua hizo, hasa kwa kuwa pale daftari lilipopotea husema limepotea, hawabuni.