Picha Isiyo na -Nge-: Ushawishi wa Taswira katika Matangazo ya Chakula cha Mifugo

Wahakiki wetu wamezoea kuichukulia picha ya tangazo kuwa ni pambo tu: maneno ndiyo yasemayo, na picha huyapendezesha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika matangazo ya chakula cha mifugo mambo ni kinyume. Picha ndiyo inayodai, na hudai jambo ambalo maneno yasingethubutu kulidai.

Katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, Roland Barthes alichambua tangazo la Panzani, lenye pakiti za tambi, nyanya na vitunguu vikichungulia kutoka katika mfuko wa wavu. Tangazo lile lilikuwa na wepesi mmoja: aitazamaye nyanya ndiye awezaye kuila. Tangazo la chakula cha mifugo halina bahati hiyo, kwani anunuaye si alaye, na alaye si anunuaye. Isitoshe, bidhaa yenyewe haina sura ya kuvutia. Ukichanganya pumba, mahindi yaliyosagwa, mashudu na madini, hupati ila unga wa rangi ya udongo, ambao kwa macho hautofautiki na unga wa mshindani. Ndiyo sababu unga hauonyeshwi. Huonyeshwa ng'ombe.

Lakini ng'ombe gani? Picha iliyozoeleka kwenye magunia, na kwenye kuta za maduka ya pembejeo nchini Kenya, ni ya Friesian mweusi na mweupe, amesimama kiubavu, manyoya yanang'aa, kiwele kimejaa, na majani mabichi yako chini ya kwato zake. Hana kupe, hana tope, hana kamba shingoni. Gunia na ng'ombe huwekwa pamoja, na jicho la mtazamaji ndilo linaloviunga: kwa sababu ya hiki, yule. Kwa istilahi ya fasihi, hii ni taashira, ambapo tokeo limesimama mahali pa chanzo. Nguvu yake ni kwamba mwenye kutangaza hakutamka neno; aliyetamka ni mtazamaji mwenyewe moyoni mwake, na mtu hapingi kwa urahisi alilojiambia.

Hapa sarufi yaweza kutusaidia. Mfugaji akimweleza mwenzake habari ya maziwa, hawezi kuvikwepa viambishi vya masharti: "Ng'ombe wako akiwa wa mbegu nzuri, akinywa maji ya kutosha, akikingwa na ndigana, nawe ukimpa majani, unga huu utamzidishia maziwa." Na yasipozidi, huambiwa: "Ungalimwita daktari wa mifugo mapema, yangalizidi." Picha haina -ki-, wala -nge-, wala -ngali-. Haina hata kikanushi. Masharti yote ambayo lugha hulazimika kuyataja, picha huyameza. Barthes alieleza kwamba maneno huitia picha nanga, yakaizuia isielee kwenye maana nyingi. Katika magunia mengi nanga hiyo haifiki chini: viungo na kiasi cha kulisha huandikwa kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa Kiingereza tu, ilhali kiwele huonekana toka ng'ambo ya barabara.

Huenda ikasemwa kwamba ushawishi wote wa picha ndivyo ulivyo. La hasha. Kampuni ya Marekani ya Ralston Purina, ambayo asili yake ni biashara iliyoanzishwa St. Louis mwaka 1894, ilijulikana kwa alama yake ya miraba myekundu na myeupe. Mraba hauahidi maziwa. Humwambia mnunuzi tu kwamba gunia hili latoka kwa watu wale wale aliowanunulia jana. Katika miaka ya 1930, huko huko Marekani, chakula cha mifugo kiliuzwa pia katika magunia ya pamba yenye maua, na wanawake wakayashona kuwa magauni. Maua yale yalishawishi, lakini ahadi yake ilikuwa mkononi: kitambaa kilishikika na kupimwa dukani.

Ahadi ya kiwele haipimiki dukani. Wala tusidhani kwamba mfugaji hudanganyika kwa ujinga. Yeye humsoma ng'ombe kuliko mchoraji, na kwa kuwa anajua maana ya kiwele kile, picha humgusa zaidi. Mwenye ng'ombe mmoja au wawili wa mbegu mchanganyiko hununua gunia kwa fedha za maziwa yale yale. Maziwa yasipoifikia picha, atamlaumu nani? Hakuna sentensi iliyomwambia uongo. Basi hujilaumu mwenyewe, au humlaumu ng'ombe na kumwuza.

Hatudai picha zifutwe. Tunadai masharti yarejeshwe: kwa Kiswahili, kwa herufi zinazoonekana kama kiwele kinavyoonekana. Kazi hiyo ni ya idara zetu pia. Gunia hufika katika nyumba ambazo riwaya tunazozifundisha hazifiki, nalo ni matini inayostahili kuhakikiwa kwa makini yale yale.