Nani Aliyevunja Mshororo? Uchapaji, Karatasi na Haki ya Mtunzi

Katika toleo lililopita la jarida letu, mhakiki mmoja aliichambua diwani ya wanafunzi iliyotolewa na chama chetu cha fasihi. Alizisifu tenzi mbili za mwanzo, kisha akamgeukia mtunzi wa shairi la mvua lililo katikati ya kitabu. Alidai kwamba mtunzi huyo hajui mizani. Kwamba mistari yake mingine ina mizani 14 na mingine mizani 2. Na kwamba afadhali angejiunga na watu wa mashairi huru kuliko kuichezea arudhi. Mtunzi huyo ni ndugu yetu wa mwaka wa pili. Tangu makala yale yatoke hajafika katika kikao hata kimoja cha chama.

Naandika kumjibu mhakiki, lakini kabla ya kumjibu nina la kukiri. Mishororo ile haikuvunjwa na mtunzi. Niliivunja mimi. Mimi ndiye niliyepanga kurasa za diwani ile kwenye kompyuta na kuzipeleka kwa mpiga chapa. Katika makala haya nitaeleza jinsi kosa lilivyotokea, kisha nitajaribu kuonyesha kwamba kosa hili linatuhusu sote tunaojiita wahakiki, wala si la fundi peke yake.

Jambo lilianzia kwenye pesa. Mpiga chapa alitueleza kwamba kitabu cha ukubwa wa A5 kama chetu hupigwa kwenye karatasi kubwa, ambayo ikikunjwa hutoa fungu la kurasa 16. Kwa hiyo kurasa haziongezwi moja moja kama mtu anayenunua vitumbua. Unaongeza fungu zima au huongezi kitu. Diwani yetu ilihitaji mafungu manne, yaani kurasa 64. Pesa za chama zilitosha mafungu matatu. Basi nikaona nimepata ujanja: nitapanga mashairi katika safu mbili kila ukurasa, yote yaingie katika kurasa 48.

Hebu tupige hesabu. Ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148. Toa pambizo za milimita 15 kila upande, toa nafasi ya milimita 6 katikati ya safu. Kila safu inabaki na milimita 56. Kwa tenzi hapana tatizo lolote, kwa sababu kipande cha utenzi kina mizani 8 na kinaenea katika nafasi hiyo bila taabu. Lakini shairi la mizani 16 je? Nitatoa mfano nilioutunga mwenyewe, maana shairi la mwenzetu sitaki kulinyofoa tena:

Mvua yalia bondeni, mkulima yuko wapi

Huo ni mshororo mmoja, ukwapi mizani 8 na utao mizani 8. Uweke katika safu ya milimita 56 kwa herufi za ukubwa wa pointi 11, na kompyuta, ambayo haijui ukwapi wala utao, itaukata pale nafasi inapokwisha:

Mvua yalia bondeni, mkulima yuko
wapi

Hapo juu una mizani 14, chini mizani 2. Ndizo takwimu zilezile alizozihesabu mhakiki! Alihesabu sawasawa kabisa. Ila alichokihesabu ni upana wa safu yangu, akadhani anahesabu kazi ya mtunzi. Shairi lile lina beti 7 za mishororo minne minne, jumla mishororo 28. Katika kitabu limekuwa na mistari 56, na kila ubeti unaonekana kuwa na mistari minane. Tarbia imegeuka kitu kisicho na jina.

Mtu atauliza: hukusoma prufu? Nilisoma. Nilisoma kurasa za mwanzo, zile za tenzi, nikaona zimekaa vizuri, nikatia sahihi. Uvivu huo ni wangu na sina wa kumsingizia.

Pengine msomaji makini angeweza kujiokoa kwa kuufuata mkato wa katikati, ule unaotenga ukwapi na utao. Lakini mkato nao niliuua, tena kwa njia mbili. Kwanza, niliona maandishi meusi tii yanachosha macho, nikayafanya ya kijivu. Kwenye kioo cha kompyuta yalipendeza mno. Nisichokijua ni kwamba mashine ya ofseti inayotumia wino mmoja mweusi haina kijivu. Ili ipate kijivu, herufi hugawanywa kuwa nukta ndogondogo nyeusi zenye nafasi nyeupe kati yake. Picha kubwa hustahimili mgawanyo huo. Herufi ndogo hupoteza kingo zake, na alama ndogo kama mkato na nukta hubaki kama uchafu wa nzi. Maandishi ya kusomwa sharti yawe meusi kamili. Hii ni kanuni ambayo fundi yeyote wa uchapaji angeniambia, kama ningemwuliza.

Pili ni karatasi. Tulichagua ya gramu 60 kwa mita ya mraba badala ya gramu 80, kwa sababu ya bei. Karatasi ile nyepesi ilikuwa inapitisha mwanga, na maandishi ya upande wa pili yanaonekana kwa mbali. Basi mkato halisi umefifia, na alama za ukurasa wa nyuma zinajitokeza mahali pasipo na mkato. Siku ya kuizindua diwani, mwenzetu mmoja alilisoma shairi lile mbele ya watu akavuta pumzi kila mahali isipokuwa panapostahili. Watu walicheka. Mtunzi alikuwa amekaa mstari wa pili kutoka mbele.

Sasa niingie katika hoja yenyewe. Sisi tumefundishwa kuigawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui, na chini ya fani tunaorodhesha muundo, mtindo, matumizi ya lugha na kadhalika. Ukurasa haumo katika orodha hiyo. Tunausoma kama dirisha la kioo, tukidhani kila tunachokiona ni cha mtunzi. Napendekeza tutofautishe mambo mawili: mshororo na mstari. Mshororo ni wa mtunzi, na hupimwa kwa mizani na vina. Mstari ni wa ukurasa, na hupimwa kwa milimita. Mara nyingi hulingana, ndiyo maana tumesahau kwamba ni vitu viwili.

Tofauti hii si ngeni katika ushairi wetu. Katika miswada mingi ya zamani ya hati za Kiarabu, mwandishi alitenga vipande kwa nafasi au kwa alama, hata jicho likajua kipande kinaishia wapi. Tenzi zilipopigwa chapa kwa herufi za Kirumi, wahariri wengine walipanga kila kipande katika mstari wake, ubeti ukawa na mistari minne. Wengine walipanga vipande viwili katika mstari mmoja, ubeti ukawa na mistari miwili. Utenzi ni uleule, na mizani ni zilezile. Mwanafunzi anayeandika kwamba utenzi fulani una mistari mingi kuliko mwingine huenda anawalinganisha wahariri tu.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wapo watakaosema shairi la Kiswahili ni wimbo, makao yake ni kooni na masikioni, na ukurasa ni kapu tu la kubebea. Kaluta Amri Abedi, aliyezieleza sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954, anatupa mizani na vina, vitu ambavyo sikio linaweza kuvikagua. Nakubali. Na ni kweli kwamba sikio ndilo lililoweza kumtetea mwenzetu: mtu yeyote angeliimba shairi lile polepole angegundua kwamba 14 na 2 ni 16, katika mishororo yote 28. Mhakiki hakuimba. Alitumia macho peke yake, na macho yalinifuata mimi.

Lakini tuangalie upande wa pili, ambako hatari ni kubwa zaidi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ushairi huru uliingia katika mjadala mkali. Katika shairi huru hakuna hesabu ya mizani itakayofichua kosa la mpanga kurasa. Mtunzi anakata mstari pale anapotaka neno lining'inie, au pause ya msomaji ibebe maana. Na mahali pale pa kukatia ni uamuzi wake mwenyewe. Mpanga kurasa akikata pengine, nani atajua? Kithaka wa Mberia, katika diwani kama Mchezo wa Karata ya mwaka 1997, amekwenda mbele zaidi hata mpangilio wa maneno kwenye ukurasa ukawa sehemu ya kusema kwake. Kazi kama hiyo ukiibana katika safu nyembamba umefuta sehemu ya shairi, na hapatakuwa na ushahidi. Shairi la mwenzetu lilikuwa na mizani za kulishuhudia. Jamani, mashairi mangapi huru tumeyaita legelege kwa sababu ya pambizo?

Sisemi kwamba kila udhaifu usukumiwe kiwandani. Mhakiki alisema pia kwamba katika ubeti wa nne vina vya kati havilingani. Nimeutazama muswada wa mkono, na hapo mhakiki yuko sahihi. Mtunzi mwenyewe anakiri. Uhakiki wa haki hutenganisha kosa la mtunzi na la mpanga kurasa, ili kila mtu abebe lake.

Kwa hiyo nina mapendekezo machache. Kila mtunzi aone prufu ya shairi lake, tena kwenye karatasi, si kwenye kioo. Mshororo usipoenea, ukatwe kwenye mkato, utao uanze mstari mpya ukiwa umeingizwa ndani kidogo, msomaji ajue ni mwendelezo. Pesa zikipungua, tupunguze idadi ya mashairi kabla ya kupunguza gramu za karatasi. Na mhakiki, kabla ya kuandika kwamba fulani hajui mizani, aimbe.

Mhariri amekubali shairi lile lichapwe upya katika jarida hili, katika safu moja, kwa wino mweusi. Namwomba mhakiki alisome tena. Na wewe ndugu yangu wa mwaka wa pili, kikao ni Alhamisi saa kumi jioni, palepale. Nitakuwepo mapema, nikuombe radhi mbele ya wale waliocheka.