Mtu Mmoja, Kigae Kimoja

Mgeni anayetoka Hifadhi ya Mikumi akinunua picha ya Tingatinga, mara nyingi anaondoka na twiga. Itazame vizuri picha hiyo: ubao wa mraba, nyuma rangi moja tu, mnyama katikati. Shingo imepindishwa kwa sababu ikinyooka kichwa kitatoka nje ya ubao. Mraba ndio ulioamua umbo la twiga, mchoraji akautii. Madoa nayo yamepakwa tabaka kwa tabaka, la chini likikauka kwanza.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia hadibodi na rangi ya baiskeli. Rangi hiyo inang'aa, na ukitaka kuififisha taratibu kutoka kivuli kwenda mwanga inakugomea. Ndiyo maana kingo za picha zake zimekatwa waziwazi. Alichora kwa miaka minne tu: mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi.

Mafundi wa Katalunya, Hispania, waliifikia kanuni hiyohiyo ya umbo moja kwenye mraba mtupu, kwa udongo na tanuri. Kati ya karne ya 17 na ya 19 walitengeneza vigae vya mraba vya sentimita 13 hivi, kila kimoja na mtu mmoja na kazi yake: mvuvi, fundi viatu, mhunzi. Nyuma ni weupe mtupu. Chini pamechorwa kipande cha ardhi, na mara nyingi kimti kando ya mtu kuziba nafasi. Vilichorwa haraka, vikauzwa bei nafuu, na haraka hiyo inaonekana: uso ni nukta mbili na mstari. Lakini nyundo imechorwa kwa makini, na mkono ulioishika umekaa sawasawa. Mhunzi tunamjua kwa nyundo yake, si kwa sura. Twiga wa Tingatinga ni kinyume chake, kwani jicho lake kubwa linatutazama, ila hana la kufanya.

Wanafunzi wa mtindo wa Tingatinga walipogeukia maisha ya kila siku, waliuacha upweke wa mraba. Maurus Malikita, kwa mfano, amechora hospitali zilizofurika watu: wagonjwa, wauguzi, machela. Zinachekesha, nami nazipenda. Hata hivyo, jicho halipati pa kutua. Muuguzi anamezwa na umati kabla hatujaona mikono yake inafanya nini. Tunapata habari za mahali, si za kazi.

Ndiyo maana naona nafasi iliyoachwa wazi kwa watu wa kazi. Mji wa Mikumi ni kituo cha malori ya barabara ya Zambia. Kilosa ina reli ya kati, na Kimamba ina historia ndefu ya mkonge. Utingo anayekagua tairi, mama wa chipsi, mkata mkonge na panga lake: kila mmoja anaenea kwenye ubao wa futi mbili, nyuma rangi moja, bila umati. Wachoraji wa Mikumi, twiga ameshauza vya kutosha. Mpeni utingo ubao wake, na mkianza, anzeni na mikono.