Mwenye treni mupya, ao treni mupya?



Tangu habari za njia ya Lobito zianze kusemwa kila mahali, nasikia wenzetu wengi wanafurahi: "Mwendeshaji mupya akikuja, treni zetu zitaamuka." Miye niko na licence ya agronomia, sikusomea reli. Lakini naona furaha hii imepita mbio kuliko akili, na nataka tuiangalie pole pole.

Tuanzie ku Angola. Kampuni Lobito Atlantic Railway ilipewa reli ya Benguela kwa miaka 30. Kazi yake ni kubeba mizigo na kutunza njia. Na abiria je? Walibakia na CFB, kampuni ya Leta. Soma hiyo mara mbili. Walipogawanya, shaba ilienda kwa mwenye feza, na mama mwenye kikapo akabakia kwa Leta.

Haiko Angola tu. Zambia walipotoa reli yao mwaka 2003, kontra ya mizigo ilikuwa ya miaka 20, ya abiria miaka 7. Kenya, mwaka 2006: mizigo miaka 25, abiria miaka 5. Kontra zote mbili zilivunjwa, ya Zambia mwaka 2012, ya Kenya mwaka 2017. Hesabu hizo peke yake zinasema nani ni mutoto wa nyumbani na nani ni mutoto wa kambo.

Wazee wa Lubumbashi watanijibu: "Na Sizarail?" Kweli, mwaka 1995 Sizarail ilichukua reli yetu, Waafrika Kusini na Wabelgiji wakiwa ndani, na mpaka leo kuna wanaoisifu. Pengine wako na haki. Lakini mwaka 1997, utawala ulipobadilika, iliisha. Miaka mbili haitoshi kuonyesha kama mutu anatunza reli ao anaitumia tu. Hata muhogo mubaya unatoa majani mazuri mwanzoni. Unaujua siku ya kungoa.

Sababu yake haiko uchawi. Shaba inalipa safari yake. Tiketi ya mutu wa kijiji hailipe mazuti, mishahara na kutengeneza njia. Hata Ulaya, treni nyingi za abiria za mikoa zinaishi kwa feza ya serikali: mwendeshaji anatembeza, serikali inalipa kinachopunguka. Kwa hiyo kubadilisha jina lenye kuandikwa ku mabehewa, bila kusema nani atalipa hicho kinachopunguka, ni kubadilisha kifuniko cha sufuria tupu.

Sasa, juu ya nini mutu wa mashamba anaingilia mambo haya? Wakati wa staji yangu upande wa Kaniama, nilikuwa nafundisha wakulima kupanda mahindi kwa mistari na kuchagua mbegu. Mzee mumoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mutoto wangu, weye unatufundisha kulima mingi. Ile mingi itapita wapi?" Sikukuwa na jibu. Ku chuo walitufundisha udongo, mbegu na wadudu. Swali lile halikukuwa katika mutihani.

Treni ya abiria kwetu haibebe watu tu. Inabeba mifuko ya mahindi, samaki ya kukausha ya Bukama, mafuta ya ngazi, mbuzi, kuku. Muhogo ukingolewa, siku mbili tatu umeanza kuharibika. Treni isipopita, mukulima anauzia yule anayefika na lori, kwa bei ya mwenye lori. Na sisi hapa Lubumbashi tunapika bukari kwa unga wa kutoka Zambia, kisha tunasema watu wa vijiji ni wavivu.

Sitetee Leta. Reli imezeeka mikononi mwake, kila mutu anaona. Mwendeshaji mupya anaweza kuwa muzuri. Lakini mbele ya kupiga makofi, tuulize: Kontra itatangazwa ili tuisome? Imeandika treni ngapi za abiria kwa juma, na kwenye gare gani? Bei ya mufuko wa mahindi inapangwa na nani? Feza ya kulipa kinachopunguka inatoka wapi? Na asipotembeza, atalipa nini?

Wenzetu wa sheria na wa uchumi, kazi hii ni yenu kuliko yangu. Mutusaidie kusoma kontra kama tunavyosoma matokeo ya mutihani: mustari kwa mustari, tukitafuta jina letu. Miye nitarudi Kaniama msimu wa mvua, na yule mzee atauliza tena. Ningependa mara hii nifike na jibu.